Jasho la Nyumbani Mbele ya Mahakama za Kenya

Tarehe 27 Januari mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho katika nchi hiyo jirani, ilitoa hukumu katika shauri la mume na mke waliokwisha kuachana. Talaka haikuwa tena jambo la kubishaniwa. Kilichogombaniwa ni nyumba moja jijini Nairobi pamoja na vyumba vya kupangisha vilivyojengwa katika kiwanja chake. Hati ya kiwanja ilikuwa kwa jina la mume peke yake, na mume alishikilia kwamba mali yote hiyo ilitokana na jasho lake. Mke, ambaye naye alikuwa na kazi yake ya mshahara, alisema kwamba fedha zake na nguvu zake zimo katika kuta zile.

Shauri hilo lilipita katika ngazi tatu za mahakama. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Hakuridhika, akaenda Mahakama ya Rufaa, nayo ikampa nusu ya vyote viwili. Safari hii aliyekataa kuridhika alikuwa mume. Mahakama ya Juu ilimsikiliza, ikaitupa rufaa yake, na nusu ya mke ikabaki kama ilivyokuwa.

Hata hivyo, vichwa vingi vya habari vilivyotoka baada ya hapo vilikazia jambo jingine lililokuwamo katika hukumu hiyo hiyo. Majaji walieleza kwamba kuachana hakumpi mume wala mke haki ya kujichukulia nusu ya mali kwa sababu tu waliwahi kuoana. Kila mmoja hana budi kuonyesha alichochangia, na mahakama italipima kila shauri kwa mazingira yake. Wako waliosikia maneno hayo nusunusu wakaondoka na imani kwamba mke hapati kitu nchini Kenya asipokuwa na risiti mkononi. Wako pia waliosema kwamba mahakama imewasaliti wanawake. Wote wawili walisahau kutazama mwisho wa shauri lenyewe, kwamba mke yule alipata nusu. Ili jambo hili lieleweke sawasawa, hapana budi kurudi nyuma kidogo, tena nyuma hadi katika karne ya kumi na tisa.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, mgawanyo wa mali ya wanandoa nchini Kenya uliongozwa na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1882, iliyohusu mali ya wanawake walioolewa. Sheria hiyo iliingia Kenya kwa mlango wa ukoloni. Mkoloni aliamuru kwamba sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti mwaka 1897 zitumike pia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, na ile ya mwaka 1882 ikawa miongoni mwake. Baada ya Uhuru mwaka 1963 iliendelea kukaa. Katika shauri moja lililochapishwa katika ripoti za sheria za Afrika Mashariki za mwaka 1971, Jaji Trevelyan wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba sheria hiyo inawahusu Wakenya wote, Waafrika wakiwamo.

Kwa haki ya historia, sheria ile ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake. Kabla yake, mali ya mwanamke wa Kiingereza iliangukia mikononi mwa mumewe mara tu alipoolewa, na sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa uwezo wa kumiliki kitu kwa jina lake mwenyewe. Lakini kwa mume na mke wanaogombania nyumba, sheria hiyo ilimwuliza jaji swali moja tu: mali hii ni ya nani? Haikumwuliza, baada ya miaka 20 ya kuishi pamoja, ni haki mali hii igawanywe vipi. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Swali la kwanza hujibiwa kwa hati na hesabu za benki. Swali la pili hutaka jaji atazame pia jiko, kisima, shamba na vitanda vya watoto wagonjwa.

Waingereza wenyewe waligundua kasoro hiyo. Katika mashauri mawili ya mwaka 1969 na mwaka 1970, mahakama yao ya mwisho ilisema waziwazi kwamba chini ya sheria ya 1882 jaji hana uwezo wa kuihamisha mali ya mmoja kumpa mwingine kwa sababu ya huruma ya kifamilia. Bunge lao halikukawia. Mwaka ule ule wa 1970 lilipitisha sheria mpya, ambayo baadaye iliingizwa katika sheria ya talaka ya mwaka 1973, na kuanzia hapo majaji wa Uingereza wakaagizwa kuhesabu pia kazi ya kutunza nyumba na familia. Kwa hiyo nguo ile ya zamani ilivuliwa London na ikaendelea kuvaliwa Nairobi.

Si kwamba majaji wa Kenya hawakujaribu kuipunguza ukali. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilisema katika shauri moja kwamba mchango wa mke usio wa fedha unaweza kutambuliwa. Mlango ukafunguka, na kwa miaka kadhaa mahakama nyingi zikawa zinagawa mali nusu kwa nusu. Ndipo mwaka 2007 mlango huo ukafungwa, na jinsi ulivyofungwa ni jambo ambalo askari yeyote anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo atalielewa mara moja.

Katika shauri hilo mume alikuwa mwanabalozi. Serikali ilimtuma nchi za nje, na mkewe alimfuata. Alitunza nyumba katika miji ya ugeni, akapokea wageni wa taifa, akatimiza yote yanayotazamiwa kwa mke wa mwanabalozi. Walipoachana, kulikuwa na shamba kubwa la kugawana. Mahakama Kuu ilimpa mke nusu. Mahakama ya Rufaa iliipunguza ikawa robo. Majaji walieleza kwamba chini ya sheria ya 1882 kinachohesabiwa ni mchango wa fedha, uwe wa moja kwa moja au wa kupitia gharama nyingine za nyumba. Kazi za nyumbani na cheo cha kuwa mke wa mwanabalozi havikutosha, peke yake, kumpa mtu sehemu ya shamba.

La kukumbukwa ni kwamba majaji hao hawakuifurahia sheria waliyokuwa wakiitumia. Ndani ya hukumu yao walisikitika kwamba nchi yao ingali imefungwa na sheria ya kigeni yenye umri wa miaka 125, ambayo nchi iliyoitunga ilikwisha kuiona haifai miaka zaidi ya 30 nyuma. Walisema kazi ya kuibadilisha ni ya Bunge. Ni mara chache majaji kulisuta Bunge kwa uwazi wa namna hiyo.

Bunge la Kenya liliamka baada ya Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti mwaka 2010. Ibara ya 45 ya Katiba hiyo inasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati ndoa inaendelea, na wakati inapovunjika. Kutokana na ibara hiyo ilitungwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi Januari mwaka 2014, na ndani yake iliandikwa kwamba sheria ya Uingereza ya 1882 haitatumika tena Kenya.

Sheria hiyo mpya inaeleza kwanza mali ya ndoa ni ipi. Ni nyumba wanamoishi wanandoa, au nyumba zao kama ni zaidi ya moja. Ni vyombo vilivyomo ndani yake. Na ni mali nyingine, iwe ardhi au vitu vinavyohamishika, waliyoipata na kuimiliki pamoja wakati wa ndoa. Mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kuoana, au aliyorithi kabla ya kuoana, hubaki yake. Lakini mwenzake akiiendeleza, kwa mfano akijenga kibanda cha biashara katika kiwanja alichokuta, atapata sehemu inayolingana na alichokiongeza.

Kisha sheria inaeleza neno mchango, na hapa ndipo lilipofanyika badiliko kubwa. Mchango ni fedha, na pia ni kazi isiyolipwa fedha. Zimetajwa kazi za nyumbani na uangalizi wa nyumba, malezi ya watoto, kuwa mwenzi na msaidizi wa mwenzake, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Mke wa mwanabalozi aliyepewa robo mwaka 2007 angekuwa na maneno mengi zaidi ya kuiambia mahakama kama shauri lake lingekuja baada ya sheria hii.

Suala la jina katika hati nalo limetengenezwa. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, sheria huchukulia kwanza kwamba anaishikilia kwa niaba ya mwenzake pia. Ikiandikwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kwamba sehemu zao ni sawa. Anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Na kwa ndoa ya wake wengi, mali ambayo mume na mke wa kwanza waliichuma kabla ya mke wa pili kuja hubaki ya hao wawili kwa sehemu sawa. Mali ya baada ya hapo ni ya mume na wake zake, kwa kuzingatia kila mmoja alichangia nini.

Hata hivyo kifungu cha saba cha sheria hiyo kilizua ubishi mkali. Kinasema kwamba mali ya ndoa ni ya wanandoa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Chama cha wanasheria wanawake wa Kenya, FIDA, kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hicho kwamba kinavunja usawa uliomo katika Katiba. Walionyesha pia jambo ambalo mtu asiye mwanasheria huona ni kichekesho kichungu: katika sheria hiyo hiyo, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya ndoa hugawanywa sawa kwa sawa, lakini mali hugawanywa kwa mchango. Tarehe 14 Mei mwaka 2018 Jaji John Mativo alikataa ombi hilo. Kwa maoni yake, kumpa nusu mtu asiyechangia chochote kungefungua njia kwa watu kuoana kwa tamaa ya mali. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilifuata njia hiyo hiyo.

Basi mambo mawili yamesimama kwa pamoja nchini Kenya. Kazi ya nyumbani ni mchango, na mchango lazima uthibitishwe. Ugumu wote wa sasa umo katika hilo la pili. Fundi mwashi huandikishiana na mwenye nyumba, lakini hakuna mke anayeandikiwa stakabadhi kwa kuamka usiku kumpa mtoto dawa.

Chukua mfano wa koplo wa jeshi la Kenya, nchi ambayo ilipeleka majeshi yake Somalia mwezi Oktoba mwaka 2011. Koplo huyo yuko mstari wa mbele, na kila mwezi anatuma fedha nyumbani. Mkewe ananunua saruji na mabati, anasimama juani na mafundi, anawalisha, anawafukuza wale wanaoiba misumari, na jioni anarudi kwa watoto. Baada ya miaka minne nyumba imesimama. Hati ina jina la koplo, na kumbukumbu zote za fedha zilizotumwa zina jina la koplo. Ndoa ikivunjika, mume atafika mahakamani na karatasi kibao. Mke atafika na nini? Atafika na fundi mkuu atakayeeleza nani alikuwa akimpa maelekezo, na majirani, na muuza vifaa aliyeandika jina la mke katika daftari la mkopo. Ushahidi wa namna hiyo mahakama za Kenya huupokea. Lakini lazima uletwe, na mwanamke asiyejua hilo huja mahakamani mikono mitupu, akitegemea jaji atajua mwenyewe jinsi nyumba inavyoendeshwa.

Mfano huo huo ugeuzwe. Koplo amerudi, anakuta kiwanja kimenunuliwa kwa jina la mke au la ndugu wa mke, kwa fedha alizotuma bila kumbukumbu yoyote, kwa kumpa mtu mkononi. Hapo mwenye kazi ya kuthibitisha ni yeye. Sheria haikutungwa kwa ajili ya wanawake peke yao, ingawa wao ndio walioumia zaidi chini ya sheria ya zamani.

Nchi nyingine za jirani zimepitia njia zinazofanana na hiyo, kila moja kwa mwendo wake. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwaka 2013 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali ya mwenzake, na kwamba sehemu yake hutegemea mchango, ambao si lazima uwe wa fedha. Rwanda ilichagua njia tofauti kwa sheria ya mwaka 1999: wanaofunga ndoa huchagua siku hiyo hiyo, mbele ya afisa wa serikali, kama mali zao zitakuwa za pamoja zote, za pamoja kwa sehemu, au kila mtu na zake. Ubishi mwingi humalizwa mapema, ingawa ni vigumu kwa bibi harusi kujadili nyumba ambayo bado haijajengwa.

Tanzania Bara yenyewe iliachana na swali la zamani mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na mila za wahusika, madeni na mahitaji ya watoto wadogo, na kwa kuelemea upande wa usawa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo imetajwa tangu wakati huo katika mahakama nyingi. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mke aliyeleta shauri hilo hakupata sehemu ya nyumba. Ilithibitika kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia naye akazitapanya, na mahakama ikaona kwamba alichokuwa anadai kilikwisha kupotea mikononi mwake.

Tukirudi Kenya, sheria ya mwaka 2013 inawaachia Waislamu wanaopenda nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Kwa wote, yako mambo mawili yanayofanya kazi hata kabla ya talaka, nayo yanamgusa askari polisi wa huko kazini. La kwanza ni kwamba mali ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haipangishwi bila idhini ya mke na mume. Mume anayeuza kiwanja kwa siri akiwa katika uhamisho, au mke anayekiuza mume akiwa lindoni, anamwuzia mnunuzi kesi. La pili ni kwamba ndoa ikiwa bado ipo, hakuna mwanandoa anayeweza kumtoa mwenzake katika nyumba yao bila amri ya mahakama.

Askari polisi hana uwezo wa kugawa mali, na hata mkuu wa kituo hawezi kusema kabati hili ni la nani. Lakini yeye ndiye anayeitwa usiku, akute magodoro nje, watoto wamekaa juu ya masanduku, na mtu mmoja mlangoni ameshika hati yenye jina lake akisema nyumba ni yake. Hati hiyo inaonyesha jina lililoandikwa tu. Anachopaswa kuulizwa mtu huyo mlangoni ni amri ya mahakama, na asipokuwa nayo, magodoro hurudi ndani.